Mchapishaji Kama Mhakiki: East African Literature Bureau na Ushairi Tunaoufundisha

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili katika shule zetu aghalabu humshughulikia mwandishi, matini na msomaji. Tunawauliza wanafunzi mwandishi alizaliwa wapi, amejadili maudhui gani, ametumia mbinu zipi. Ni nadra kuuliza ni nani aliyeamua kwamba kitabu hiki kichapishwe na kile kisubiri, au kwamba hiki kipelekwe shuleni na kile kibaki dukani. Mchapishaji hutajwa mara moja tu, katika ukurasa wa hakimiliki, kisha akasahaulika.

Makala hii inadhamiria kuziba pengo hilo kwa kumchunguza mchapishaji mmoja aliyehudumia shule na maktaba za Afrika Mashariki kwa takriban miongo mitatu, yaani East African Literature Bureau, ambayo kwa upande wa Kenya iliendelezwa kama Kenya Literature Bureau (KLB). Hoja yetu ni kwamba Bureau hiyo haikuwa tarishi tu wa kuwapelekea wasomaji vitabu. Ilikuwa mhakiki. Ilichagua, ilituza, ilirekebisha na ilipanga, na baadhi ya maamuzi yake yangali yanajibiwa na watahiniwa katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili bila wao kujua chanzo chake. Tutaigusa nathari kwa ufupi, kisha tutadumu zaidi katika ushairi, kwa kuwa hapo ndipo athari yake ilipo kubwa na ndipo wanafunzi wetu wanapoumia.

Chimbuko la Bureau

Bureau iliundwa chini ya East Africa High Commission katika miaka ya 1947 na 1948. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, askari walikuwa wamerudi nyumbani, na idadi ya Waafrika waliojua kusoma ilikuwa ikiongezeka. Serikali za kikoloni zilijiuliza watu hawa watasoma nini. Mwandishi Elspeth Huxley, aliyekulia Kenya katika jamii ya walowezi, ndiye aliyeombwa kulichunguza suala hilo na kutoa mapendekezo. Mkurugenzi wa kwanza wa Bureau alikuwa Charles Richards, mmishenari aliyekuwa tayari na uzoefu wa kusimamia duka la vitabu la CMS jijini Nairobi.

Kazi za Bureau zilikuwa za aina mbalimbali. Ilitayarisha vitabu vya kiada na vya ziada kwa lugha za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwa mojawapo. Iliwasaidia waandishi chipukizi na kuwatafutia baadhi yao wachapishaji wa kibiashara. Ilichapisha vitabu chini ya nembo ya Eagle Press. Iliendesha pia huduma za maktaba, zikiwemo za kuazima vitabu kwa njia ya posta na za kupeleka masanduku ya vitabu katika sehemu zisizokuwa na maktaba. Tusilidharau jambo hili la mwisho. Mchapishaji anayechagua kitabu na wakati huohuo akamiliki sanduku linalokipeleka kijijini ana mamlaka makubwa juu ya ladha ya msomaji.

Haifai kuyasoma mamlaka hayo nje ya muktadha wake wa kisiasa. Mnamo Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya, Gakaara wa Wanjau, Mwafrika aliyekuwa akiandika na kuchapisha kwa Kikuyu bila msaada wa asasi yoyote ya serikali, alikamatwa na akakaa kizuizini kwa miaka mingi. Katika mwongo huohuo Bureau ilikuwa ikichapisha vitabu kwa lugha za Kiafrika. Hatusemi kwamba waandishi wa Bureau walikuwa vibaraka. Tunasema kwamba uwanja wa uchapishaji ulikuwa na mlango ulio wazi na mlango uliofungwa, na kwamba fasihi tuliyoirithi kutoka kipindi hicho ni ile iliyopita katika mlango wa kwanza.

Baada ya uhuru Bureau ilibaki chini ya asasi za pamoja za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977, serikali ya Kenya iliunda Kenya Literature Bureau, ambayo ilipewa msingi wa kisheria kwa Sheria ya Bunge ya mwaka wa 1980. Nazo huduma za maktaba nchini Kenya zilikuwa tayari zimeundiwa bodi yake kwa sheria ya mwaka wa 1965.

Nathari: Tuzo Inapozaa Utanzu

Mfano bora wa mchapishaji anayeunda fasihi ni mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili yaliyoendeshwa na Bureau katika miaka ya 1957 na 1958. Mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka wa 1960. Kwa hadithi hiyo utanzu wa riwaya ya upelelezi ulipata nguzo yake katika Kiswahili. Bwana Msa na kiko chake walimfanya msomaji wa Kiswahili kuzoea aina mpya ya mhusika: mtu anayeyatatua mafumbo kwa kufikiri, hata pale wenzake wanapoyasingizia mizimu.

Mtu anaweza kudai, na hoja yake ina mashiko, kwamba ushindi huo uliafiki matakwa ya asasi ya kikoloni. Hadithi inayoonyesha urazini ukiyashinda majini na mizimu ni hadithi ambayo afisa wa elimu angeifurahia. Zaidi ya hayo, ufanano wa Bwana Msa na Sherlock Holmes ni dhahiri. Hata hivyo, uhakiki ukiishia hapo utakuwa umemdhulumu Abdulla. Lugha yake ni ya watu wa Unguja wanaotaniana, wanaodokezana na kufichana. Mchapishaji aliomba hadithi ya kusomeka. Mwandishi alimpa hadithi hiyo na juu yake akampa jamii nzima. Hili ni funzo la kwanza: nia ya mchapishaji na kazi ya mwandishi hazilingani daima, na mhakiki anapaswa kuziona zote mbili.

Mwaka huohuo wa 1960 Bureau ilichapisha Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy. Kichwa kidogo cha kitabu hicho kinakitambulisha kuwa ni maelezo ya makazi katika kijiji cha Unguja. Msomaji anaahidiwa maarifa kwanza, hadithi baadaye. Tunaona hapa mwelekeo wa asasi iliyoitaka fasihi ithibitishe manufaa yake kabla ya kukubaliwa. Upande wa tamthilia, Bureau ilichapisha michezo ya vijana wa Kenya, kama vile Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria (1957) na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi (1961). Mwalimu anayefundisha historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini hawezi kuiruka michezo hiyo, ingawa leo haipatikani kwa urahisi.

Funzo la pili linahusu tarehe. Shaaban Robert aliandika Kufikirika mwaka wa 1946, lakini kitabu hicho kilichapishwa na Oxford University Press mwaka wa 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Mwanafunzi anayepanga maendeleo ya riwaya ya Kiswahili kwa kufuata miaka ya uchapishaji ataiweka Kufikirika baada ya Mzimu wa Watu wa Kale, na atafikia hitimisho la kwamba fasihi yetu ilianza na upelelezi kabla ya kufika kwenye fumbo la utawala. Kwa hakika atakuwa ameandika historia ya mitambo ya chapa. Historia ya fikra ni nyingine.

Ushairi: Kitabu Kilichogeuka Kuwa Sheria

Tuingie sasa katika kiini cha makala. Mwaka wa 1954 Bureau ilichapisha, kwa nembo ya Eagle Press, kitabu cha Kaluta Amri Abedi kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Amri Abedi alikuwa mshairi, mwanazuoni wa dini na mwanasiasa. Alikuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria wa Tanganyika, kabla ya kufariki mwaka wa 1964.

Umuhimu wa kitabu hicho hauwezi kupuuzwa. Kabla yake, maandishi mengi kuhusu umbo la ushairi wa Kiswahili yalikuwa ya wataalamu Wazungu, kama Alice Werner na William Hichens, na yaliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Amri Abedi aliandika kwa Kiswahili, kwa Waswahili, akiwa yeye mwenyewe mtunzi. Katika enzi ambapo mkoloni alizitazama lugha za Kiafrika kama lugha zisizo na nidhamu, kusema kwamba ushairi wetu una sheria zake kulikuwa ni kudai heshima. Anayekisoma kitabu hicho leo na kukiona kuwa cha kihafidhina tu anasahau kilikuwa kikimjibu nani.

Bureau pia ilichapisha mfululizo wa Johari za Kiswahili, uliowafikishia wasomaji tenzi kama Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani (1961) na Utenzi wa Vita vya Uhud uliokusanywa na Haji Chum (1962), matini ya Kiswahili ikiambatana na tafsiri ya Kiingereza. Basi mchapishaji mmoja alitoa kanuni na akatoa pia mifano. Mwalimu wa shule aliyekuwa na vitabu hivyo mezani alikuwa na kila alichohitaji ili kufundisha ushairi: vina, mizani, mishororo, beti, na tenzi za kuthibitishia.

Tatizo halimo katika kitabu chenyewe. Limo katika jambo linalokipata kitabu kinapoingia katika mfumo wa shule. Maelezo ya mtunzi kuhusu jinsi yeye na wenzake wanavyotunga yanageuka kuwa fasili ya ushairi wote. Sheria za aina moja ya utungo, hususan lile shairi la mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao, lililostawi katika kurasa za magazeti kama Mambo Leo, zinachukuliwa kuwa sheria za Kiswahili kizima. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), anatukumbusha kwamba tungo za Waswahili zilikuwa nyingi na kwamba ziliishi katika kuimbwa. Zipo tungo kongwe, kama tumbuizo, ambazo hazikugawanywa katika beti za mishororo minne wala hazikufuata vina vya kati na vya mwisho kwa namna tunayoifundisha. Mizani zilihesabiwa na sikio kabla hazijahesabiwa na kidole.

Mgogoro wa miaka ya 1970 baina ya wanaarudhi na wanamapinduzi wa ushairi unajulikana. Mulokozi na Kahigi walitoa Mashairi ya Kisasa mwaka wa 1973. Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka wa 1974. Upande wa pili wakasimama watetezi wa mapokeo, wakiwemo washairi wa chama cha UKUTA. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba diwani nyingine ya Mulokozi na Kahigi, Malenga wa Bara, ilichapishwa mwaka wa 1976 na East African Literature Bureau. Asasi iliyoichapisha sheria mwaka wa 1954 iliwachapisha walioihoji sheria hiyo miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka mmoja tu kabla Jumuiya haijavunjika. Mchapishaji alikuwa amebadilika, au tuseme wahariri, waandishi na nyakati zilikuwa zimebadilika ndani yake. Je, darasa letu limebadilika?

Athari Darasani

Tuangalie maswali ya ushairi tuliyoyazoea katika Karatasi ya Tatu. Mtahiniwa huombwa aeleze umbo la shairi, ataje bahari, atoe mifano ya uhuru wa mshairi na aandike ubeti fulani kwa lugha ya nathari. Dhana ya "uhuru wa mshairi" yenyewe inadhihirisha urithi tunaouzungumzia. Inkisari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi huhesabiwa kuwa uhuru kwa sababu tumekwisha kukubali kwamba ipo sheria ambayo mshairi analazimika kuitimiza. Ni uhuru wa mtu aliye ndani ya ua.

Ushairi wa arudhi haudhuriki sana kwa hali hii. Unaodhurika ni ushairi huru. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiulizwa umbo la shairi huru huandika hivi: halina vina, halina mizani sawa, mishororo haitoshani, beti hazilingani. Majibu yote manne ni ya kukanusha. Ni kama mtu anayeulizwa aeleze umbo la nyumba ya mviringo akajibu kwamba haina pembe. Hajakosea, lakini hajaielezea nyumba. Na anapofikia swali linalotaka aonyeshe jinsi umbo linavyoendeleza maudhui, hana la kusema, kwa maana amefundishwa kuliona umbo hilo kuwa ni pengo.

Ili tusibaki katika nadharia, tutumie mfano uliotungwa kwa ajili ya makala hii. Tazama ubeti ufuatao wa arudhi:

Mvua haikutujia, shamba letu likauka,
Jembe nalo latulia, darini halijashuka,
Mama jikoni alia, chakula kimetoweka,
Mbingu tunaangalia, wingu moja linacheka.

Kila mshororo una mizani kumi na sita. Kina cha ukwapi ni -a na cha utao ni -ka. Ni tarbia. Mwanafunzi wetu atayataja haya yote kwa dakika mbili. Sasa tazama jambo lilelile katika shairi huru:

Mvua
haikuja.
Jembe limelala darini.
Mama anapuliza jiko
lisilo kitu.
Juu, wingu moja,
moja tu,
linacheka.

Tukimruhusu mwanafunzi aishie kusema kwamba shairi hili halina vina wala mizani, tumemnyima shairi. Kuna mambo manne anayoweza kuyaona.

Kwanza, neno "Mvua" limepewa mshororo wake peke yake. Msomaji anapolifikia anatarajia neema, kisha mshororo wa pili unamvunja moyo. Katika ubeti wa arudhi kiini na kitenzi chake vimo katika kipande kimoja, kwa hiyo tarajio halipati nafasi ya kuishi. Mshororo mshata hapa ni mbinu.

Pili, urefu wa mishororo unapungua pale uhaba unapozidi. "Mama anapuliza jiko" ni mshororo mrefu kiasi. "Lisilo kitu" unakatika ghafla. Umbo linaigiza njaa.

Tatu, urudiaji wa "moja, moja tu" unafanya kazi ambayo katika arudhi ingefanywa na kibwagizo. Mshairi huru hakuiacha takriri, ameihamisha. Anayesema kwamba shairi huru halina mpangilio wa sauti hajalisikiliza.

Nne, kitenzi "linacheka" kimecheleweshwa hadi mwisho na kuachwa peke yake, hivyo tashihisi inatua kwa uzito. Katika ubeti wa arudhi kitenzi hichohicho kimefika mwisho pia, lakini kimefika hapo kikiwa sehemu ya mlolongo wa kauka, shuka, toweka, cheka. Huko kicheko kinaungana na maafa mengine kwa sauti. Hapa kinasimama peke yake kama tusi.

Tunasisitiza kwamba hatujaonyesha shairi moja kuwa bora kuliko jingine. Ubeti wa arudhi una nguvu yake. Ukiimbwa, na kibwagizo kikirudiwa beti tano au sita, wingu lile litageuka kuwa dhihaka ya kijiji kizima, jambo ambalo shairi huru haliwezi kulifanya kwa urahisi. Tulichoonyesha ni kwamba kila umbo lina la kusema, na kwamba istilahi tulizorithi zinatuwezesha kulisikia moja kuliko jingine.

Kwa Nini Jambo Hili Ni la Dharura

Huenda mwalimu mwenzetu akauliza kuna haja gani ya kufukua mambo ya mwaka wa 1954. Haja ipo. Tangu mwaka wa 2018 serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvisambaza katika shule za umma, uamuzi wa kitabu kipi kitakuwa mikononi mwa mwanafunzi umeondoka kwa mwalimu na kwenda juu. Mpango huo una faida ambazo hatuwezi kuzikana: mwanafunzi wa shule ya mashambani anapata kitabu kilekile anachokipata mwenzake wa mjini. Hata hivyo, kitabu kinapoenea namna hiyo, fasili iliyomo ndani yake huenea vilevile. Ikiwa kitabu kitafafanua shairi huru kwa kukanusha, nchi nzima italijua kwa kukanusha. Nguvu iliyokuwa katika masanduku ya maktaba ya Bureau imerudi kwa sura kubwa zaidi.

Vivyo hivyo kwa miongozo ya vitabu teule. Mwongozo ni chombo cha marejeo, na hakuna ubaya mwanafunzi kuwa nacho. Ubaya huanza pale mwongozo unapokuwa mmoja, nao ukatoa jibu moja. Amri Abedi aliandika kitabu kimoja miongoni mwa vingi vilivyowezekana. Shule zilikifanya kuwa sheria kwa kukosa cha kukipinga. Tusirudie hali hiyo na miongozo yetu. Mwongozo mzuri ungepaswa kumwonyesha mtahiniwa mahali ambapo wahakiki wanatofautiana, na kumwachia nafasi ya kuchagua upande kwa ushahidi wa matini. Mtahini mzuri naye hutuza ushahidi.

Kuna pia suala la vitabu vinavyopotea. KLB imerithi jina na urithi wa Bureau, na inaendelea kuchapisha vitabu vya shule. Lakini tamthilia za vijana wa miaka ya 1950, tenzi za Johari na diwani za miaka ya 1970 hazionekani katika maktaba nyingi za shule za upili. Soko la vitabu linaendeshwa na silabasi. Kitabu kisichotahiniwa hakiuziki, na kisichouzika hakipigwi chapa tena. Matokeo yake ni kwamba mwalimu anafundisha mgogoro wa ushairi bila kuwaonyesha wanafunzi hata diwani moja ya wagombanao. Wachapishaji waliorithi hazina hizo, KLB ikiwa mmoja wao, wangefanya jambo la maana kama wangezichapisha upya kwa bei ambayo maktaba ya shule inaimudu, zikiwa na utangulizi unaoeleza zilitoka wapi na kwa nini.

Mapendekezo kwa Mwalimu

Wakati tunasubiri hayo, yapo yanayowezekana muhula huu. Mwalimu anapofundisha arudhi, aitaje kuwa ni mapokeo yenye historia na watetezi wake, asiifundishe kana kwamba iliteremka pamoja na lugha. Anapofundisha shairi huru, apige marufuku neno "halina" katika jibu la kwanza. Mwanafunzi alazimike kutaja kwanza kilichopo. Maneno ya kumsaidia tunayo: mishata, takriri, mpangilio wa mishororo, usambamba, kimya, nafsi neni, toni. Mwisho, kila kitabu kinapoanza kusomwa, dakika tano za kwanza zitumike kwenye ukurasa wa hakimiliki: nani alichapisha, wapi, mwaka gani, na kilikuwa kimeandikwa lini. Dakika hizo hazipotei.

Hitimisho

East African Literature Bureau iliwapa Waswahili riwaya ya upelelezi kupitia shindano, ikawapa kanuni za ushairi kupitia kitabu kimoja kidogo, na kabla ya kuvunjika ikawapa diwani ya walioziasi kanuni hizo. Shule zetu zilichukua zawadi ya pili zikaiacha ya tatu. Deni la ushairi huru katika madarasa yetu linatokana na uteuzi huo, na kwa kuwa uteuzi ulifanywa na watu, unaweza kufanywa upya na watu. Mtahiniwa anayejua kwamba sheria ina mwandishi, ina mchapishaji na ina mwaka, haidharau sheria hiyo. Anaijua mipaka yake, na hapo ndipo uhakiki unapoanzia.

Maswali ya Mjadala Darasani

1. "Sheria za ushairi zilikuwa njia ya kudai heshima ya lugha." Jadili kauli hii ukizingatia muktadha wa miaka ya 1950.

2. Linganisha tungo mbili zilizotolewa katika makala hii. Onyesha jinsi umbo la kila moja linavyoendeleza maudhui, bila kutumia neno "halina" wala "hakuna".

3. Chagua kitabu teule kimoja ulichosoma. Eleza jinsi mwaka na mahali pa uchapishaji vinavyoathiri ufasiri wako wa kitabu hicho.

4. Tunga shairi huru la mishororo isiyozidi kumi kuhusu jambo lililotokea kijijini au mtaani kwenu, kisha uliandike upya kama ubeti mmoja wa tarbia. Eleza ulichopata na ulichopoteza.